P ndogo haimaanishi dawa imefanya kazi: kwa mnaoleta maombi ya utafiti Mtwara na Lindi

Malalamiko yamekuwa mengi siku hizi kwamba dawati letu la takwimu linarudisha maombi ya utafiti ovyo, wengine wanasema tunawaonea wa Masasi na Nachingwea kwa vile wako mbali. Hapana jamani. Tunarudisha kwa sababu mtu kaandika "nitatumia t-testi", ile testi ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, alafu basi, hajasema analinganisha wastani wa nini na nini.

Chukulia unapima wingi wa damu (hemoglobini, kwa g/dL) kwa wajawazito, Newala wastani 10.8, Tandahimba 11.3. Mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito unaotumika sana ni 11, kwa hiyo mtu anaona kundi moja liko chini lingine juu, anaanza kuandika hitimisho. Subiri kwanza. Testi haiangalii hiyo tofauti ya 0.5 peke yake, inaipima na jinsi akina mama wenyewe wanavyopishana ndani ya kundi moja, na idadi yao. Kama SD (kipimo cha huko kupishana) ni 1.8 na una akina mama 12 kila upande, p inatoka karibu 0.5, yaani hata kama wilaya hazitofautiani kabisa, tofauti kama hiyo au zaidi ungeipata kwa bahati tu karibu nusu ya mara ungerudia. Weka 200 kila upande, tofauti ile ile, p inashuka mpaka kama 0.006.

Sasa hapa ndo watu wanapotea. Weka akina mama 20,000 kila upande na tofauti ya 0.05 tu, ambayo hakuna mkunga atakayehangaika nayo, p inatoka ile ile 0.006. Kwa hiyo ukiniletea p bila ukubwa wa tofauti hujaniambia kitu, na nimeshalisema hili kwenye mafunzo mpaka nimechoka.

Aliyebuni testi hii ni William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, akaichapisha 1908 kwa jina la Student, na shida yake ilikuwa hasa sampuli ndogo. Watu 12 wanatosha kufanya testi, ila hawatoshi kuona tofauti ndogo.

Ukipima presha ya watu wale wale kabla na baada ya dawa, hiyo ni t ya jozi, usiwafanye makundi mawili. Makundi matatu tumia anova, testi inayolinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja, maana ukirudia t mara tatu nafasi ya kudanganywa, yaani kuona tofauti isiyokuwepo, inapanda kutoka 5 kwa mia mpaka karibu 14. Na siku za kulazwa wodini, wanne wakilala siku 2, 3, 3 na 4 na mmoja siku 60, wastani ni 14.4 wakati hakuna aliyelala siku 14. Hapo angalia Mann-Whitney, testi inayolinganisha makundi mawili kwa kupanga namba kuanzia ndogo mpaka kubwa badala ya kutumia wastani.

Utaratibu sasa. Ombi likirudishwa unarekebisha, unaandika barua inayotaja kila ulichobadilisha na ukurasa wake, mabadiliko unayapaka rangi, unaambatanisha nakala safi na ile yenye rangi, unatuma kwa njia ile ile uliyotumia mwanzo, sio kwa WhatsApp ya mtu unayemfahamu ofisini. Bila barua halisomwi, linarudi tena. Kama utafiti wako unatakiwa kupata kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), barua yetu haichukui nafasi yake. Na kibali hakirudi nyuma: ulichokusanya kabla ya tarehe ya kibali hakitumiki, hata kama ni madodoso 300 uliyoyafuata kwa bodaboda mpaka Mahuta kipindi cha mvua, naelewa inauma ila hatuna namna.

Ukilazimika kubadilisha testi baada ya kuona takwimu zako, sio kosa, andika tu umebadilisha nini na kwa nini. Tunayoikataa ni ripoti inayojifanya ilipanga hivyo tangu siku ya kwanza, wakati ombi lako la mwanzo tunalo kwenye faili.