Joto la ndani kufuata hali ya nje: maana yake, na kazi yake kwenye bruda za vifaranga Mwanza

Kuna namna mbili za kuongoza joto la nyumba. Ya kwanza inasikiliza chumba: kikipoa, moto unawashwa, kikipata joto la kutosha, unazimwa. Ya pili inaangalia nje. Hewa ya nje inapoanza kupoa, chanzo cha joto kinaongezwa palepale, hata kama ndani bado hapajabadilika. Nje kukipata joto, kinapunguzwa. Hiyo ya pili ndiyo dhana ninayoieleza hapa: kurekebisha kiasi cha joto kinachoingizwa nyumbani ili kilingane na hali ya hewa ya nje.

Ujerumani na Sweden mfumo huu umezoeleka. Sensa ndogo, yaani kifaa cha kupima joto, hufungwa kwenye ukuta wa nje, na boila au pampu ya joto, mitambo ya kupasha maji, huambiwa ipashe maji ya kwenye rejeta (vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji moto ili kupasha chumba) kwa kiwango gani kulingana na sensa hiyo inavyosoma. Mwanza hatuna rejeta sebuleni na hatuzihitaji. Lakini kila anayelea vifaranga Buhongwa, Igoma au Kisesa anaendesha nyumba yenye joto usiku na mchana kwa majuma kadhaa: bruda, sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto. Ninaamini dhana hii inamfaa yeye kuliko inavyomfaa mwenye nyumba wa Berlin, na nitaonyesha kwa hesabu.

Msingi wake ni mmoja. Sehemu yenye joto kuliko nje hupoteza joto muda wote, kupitia ukutani, paani, sakafuni, na pamoja na hewa inayotoka. Kiasi kinachopotea kwa saa kinategemea tofauti kati ya ndani na nje. Tofauti ikiwa mara mbili, upotevu nao unakuwa mara mbili. Kazi ya moto ni kurudisha kile kilichopotea, basi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni "ndani na nje vinapishana nyuzi ngapi?", wala si "leo kuna baridi?"

Chukua nyumba ya Berlin inayotakiwa kuwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Nje kukiwa na nyuzi 10, pengo ni 10. Ili pengo lifike 30, yaani mahitaji ya joto yawe mara tatu, nje lazima kushuke hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Hayo ni mabadiliko ya msimu mzima.

Sasa njoo kwenye bruda. Vifaranga wa juma la kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35; tuseme 33. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, Mwanza inaweza kuwa na nyuzi 28 saa nane mchana, kisha ikashuka hadi 16 saa kumi na moja alfajiri. Mchana pengo ni 5. Alfajiri ni 17. Mahitaji ya joto yamepanda zaidi ya mara tatu kati ya mchana na alfajiri, kwa hewa ambayo sisi wenyewe tunaiita nzuri. Mtu aliyelala chini ya shuka moja hawezi kuhisi kwamba banda lake limehitaji mkaa mara tatu. Kifaranga anahisi.

Hapa ndipo ushauri tuliouzoea unapoeleweka nusu. Tunaambiwa tushushe joto karibu nyuzi 3 kila juma, na ni kweli. Lakini hilo ni lengo la ndani, si kiasi cha mkaa. Juma la nne, lengo likiwa nyuzi 24, saa nane mchana moto hauhitajiki kabisa, kwa sababu nje kumeshapita lengo. Alfajiri ya siku hiyohiyo pengo ni 8, kubwa kuliko lile pengo la 5 la mchana wa juma la kwanza. Ni kweli kwamba vifaranga wa juma la nne wana miili mikubwa na wenyewe wanatoa joto, ila na bruda yao imeshapanuliwa, kwa hiyo inapoteza joto kupitia eneo kubwa zaidi. Anayetoa jiko bandani kwa sababu "wameshakua" anaangalia kalenda tu. Anayeliacha likiwaka mchana kutwa kwa sababu "bado wadogo" anafanya vilevile, na anachoma mkaa kuwatesa.

Mtu atauliza: kwa nini nisisubiri banda lipoe ndipo niongeze moto? Kifaa cha kusikiliza joto la ndani ni cha kale, na mojawapo ya vya mwanzo kabisa kilihusu kuku. Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi Uingereza katika karne ya 17, alitengeneza mashine ya kuangulia mayai iliyojirekebisha moto yenyewe kwa kutumia zebaki. Thamostati za leo, zinazowasha na kuzima moto kwa kupima joto la ndani, ni wajukuu wa wazo hilo, na ni vifaa vizuri. Udhaifu wake ni kuchelewa. Inagundua baridi ikishaingia, na chanzo cha joto nacho kinahitaji muda. Mkaa haushiki mara moja. Ukiuwasha saa kumi na moja alfajiri vifaranga wakiwa wameshabanana, joto litakuja wakati kunakucha, na jiko lile litakuwa limepamba moto kabisa saa mbili asubuhi, wakati jua linawaka juu ya bati. Kwanza baridi, kisha joto kupita kiasi, kila siku. Kuangalia nje kunakupa nafasi ya kutangulia. Watu wa mifumo mizuri huko Ulaya hutumia vyote viwili: hali ya nje inapanga kiasi, chumba kinasahihisha kidogo.

Kwenye mitambo hiyo, uhusiano wa nje na moto huandikwa kama mstari. Kwa mfano: nje nyuzi 10, maji ya rejeta 35, nje sifuri, maji 45, nje 10 chini ya sifuri, maji 55. Nyumba isiyovujisha joto ina mstari wa mlalo zaidi. Nyumba yenye nyufa, mstari wake umesimama. Na kuna kanuni ya kuurekebisha ambayo naipenda sana kwa sababu inafanya kazi popote. Nyumba ikiwa na baridi siku za baridi kali tu, mstari hauna mwinuko wa kutosha: ongeza upande wa baridi peke yake. Ikiwa na baridi hali yoyote ile, nyanyua mstari wote.

Bruda yako nayo ina mstari. Weka kipimajoto kimoja ndani, usawa wa mgongo wa kifaranga, na kingine nje. Andika kwenye daftari: nje nyuzi ngapi, majiko mangapi au balbu ngapi na zimening'inizwa kimo gani, vifaranga wamekaaje. Wakijirundika karibu na moto, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa yameachia, wamezidiwa. Wakitawanyika na kula, umepata. Wakijirundika alfajiri tu, ongeza joto la alfajiri pekee na uwashe jiko mapema. Wakijirundika hata mchana, basi chanzo chako ni kidogo au kuta zinavuja, na kuongeza mkaa wa usiku hakutatatua.

Mahali pa kipimajoto cha nje panahitaji kufikiriwa. Vitabu vya Ulaya vinasema ukuta wa kaskazini, kwa kuwa kule jua haliupigi sana. Hapa tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta: Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Kwa hiyo kitundike chini ya upenu wenye kivuli mwaka mzima, mbali na jiko la kupikia na mbali na mlango wa banda.

Kipimajoto hakioni kila kitu. Upepo huongeza upotevu hata kama nyuzi za nje ni zilezile, na upepo wetu una tabia yake: mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukashuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Banda la mtelemkoni linahitaji turubai la upande wa juu lifungwe vizuri jioni, wakati wengi hufunga ule wa ziwani kwa sababu ndiko upepo ulikokuwa unavuma walipokuwa kazini. Mvua ikilowesha magunia ya ukutani, magunia hayo yanapoza. Na anga lina neno lake. Mama mdogo wangu anafuga Buhongwa, na kabla ya kupanga mkaa wa usiku hutoka uani akaangalia juu. "Mwanangu, nyota zikiwa nyingi naongeza jiko." Yuko sahihi: wingu huzuia joto lisitoroke kwenda angani, na usiku usio na wingu bati hupoa hata kuliko hewa inayolizunguka. Yeye mwenyewe ndiye sensa ya nje.

Jambo moja siwezi kulipita. Kuziba kila upenyo ili kuokoa joto ni kosa linaloua. Mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na binadamu anayelala nao. Acha uwazi juu, karibu na paa, muda wote, na hesabu joto linalopotea hapo kama sehemu ya mahitaji ya banda. Ziba chini, usawa wa vifaranga, ambako upepo unawapiga moja kwa moja.

Kwa anayetumia umeme, balbu za LED hazifai kazi hii. Hutoa joto kidogo mno. Balbu ya joto ya wati 250 inatoa kiasi kilekile muda wote ikiwa imewaka, kwa hiyo urekebishaji wake ni mnyororo: mchana ipandishe, jioni ishushe, kwa vimo ulivyovipata kwenye daftari. Mwenye balbu mbili azime moja mchana. Na kwa kuwa umeme unaweza kukatika saa yoyote, jiko lenye mkaa uliofunikwa kwa majivu likae tayari kuanzia saa tisa usiku, maana saa zinazofuata, hadi jua lichomoze, ndizo zenye pengo kubwa kuliko zote.