Kushusha sauti hakuhitaji gitaa la nyuzi saba

Wapigaji wengi hapa Kisumu huamini kwamba ukitaka kushusha uzi mnene wa gitaa hadi noti ya B, sharti ununue gitaa la nyuzi saba. Si kweli. Kinachoamua ni unene wa uzi na urefu wake. Uzi huo mnene, wa noti ya E, wenye unene wa inchi 0.046, hutetema mara 82 kwa sekunde. Ukiulegeza hadi 62, yaani B, mvuto hubaki karibu nusu. Unapwaya, unagongagonga vyuma vya shingo, na ukiubonyeza kwa nguvu sauti inapanda. Weka wa 0.062, mvuto unarudi palepale. (Fundi atapanua kwa tupa mfereji unaopitisha uzi huo kwenye kichwa cha gitaa, usijaribu kwa kisu cha jikoni!) Ukinunua gitaa jipya, chagua lenye nyuzi za urefu wa inchi 27, si 24.75.