Kapuchino ya nyumbani: hela ipeleke kwenye kinu, mashine iache dukani

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaokuja kwangu hapa Dar es Salaam kujifunza kuandaa kahawa ni hili: "Ninunue mashine gani, ili niache kumaliza hela mgahawani?" Ninawajibu kwamba mashine waiache. Ukitaka kapuchino nzuri nyumbani (kahawa kali yenye maziwa ya moto na povu), unahitaji kahawa iliyokaangwa karibuni, kinu kizuri cha kusagia, na moka, yaani lile birika dogo la Kiitalia linalokaa juu ya jiko. Mashine ya bei nafuu ya espreso (ile kahawa kali ya kikombe kidogo) itakula hela uliyokusudia kuiokoa, na kahawa yenyewe haitakufurahisha.

Tuanze na hesabu. Weka bei za mtaani kwako. Mimi nachukua za mfano. Tuseme kapuchino mgahawani ni shilingi 6,000. Pakiti ya gramu 250 ya kahawa ya punje ni 12,000, kwa hiyo gramu moja ni shilingi 48. Kikombe kimoja kinachukua gramu 15, hiyo ni 720. Maziwa mililita 150, kwa lita ya 2,800, ni 420. Ongeza mia moja ya gesi na sukari. Jumla ni 1,240, na umebakiwa na 4,760 mfukoni. Mtu anayekunywa kapuchino tano kwa wiki anaokoa shilingi 95,200 kwa wiki nne. Kama moka na kinu cha mkono vitakugharimu 120,000 kwa pamoja, kikombe cha 26 kinakuwa kimeshavilipa. Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa mashine ya laki nane, uone itachukua miezi mingapi.

Mgahawa haukuibii, tuelewane. Unalipia pango, umeme, mshahara wa barista anayekuandalia kahawa, kiti ulichokalia na intaneti uliyotumia saa mbili nzima. Lakini kwa kikombe unachokunywa asubuhi umesimama, hivyo vyote huvihitaji.

Kwa nini naikataa mashine ya bei rahisi? Espreso inatengenezwa kwa kusukuma maji ya moto kupita kwenye kahawa laini iliyoshindiliwa, kwa shinikizo la baa 9, yaani mara tisa hivi ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Kipimo cha kawaida ni gramu 18 za kahawa zinazotoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Boksi la mashine ndogo litaandikwa "baa 15" kwa herufi kubwa, ila hiyo ni nguvu ya mwisho ya pampu, haikuambii lolote kuhusu ladha. Kazi ngumu ni kushikilia joto la maji lisiyumbe, na kuwa na kinu kinachoweza kusaga laini kwa usawa. Mashine ndogo nyingi hushindwa hilo la kwanza, na hilo la pili mnunuzi hakulitengea hela kabisa.

Moka haifiki huko. Ina shinikizo la baa moja au mbili tu, kwa hiyo inayotoka si espreso. Ni kahawa nzito, kali, yenye nguvu ya kutosha kusimama ndani ya maziwa, na kapuchino haihitaji zaidi ya hapo. Alfonso Bialetti alianza kuitengeneza Italia mwaka 1933, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Ile inayouzwa kama "ya vikombe vitatu" isikudanganye: ni vikombe vidogo vya Kiitalia. Inabeba gramu 15 hivi za kahawa, na hiyo ni kapuchino ya mtu mzima mmoja.

Namna ya kuitumia ndiyo inayoamua kila kitu. Chemsha maji kwanza pembeni, ndipo uyamimine kwenye chumba cha chini cha moka, yaishie kwenye valvu, ile tundu ndogo ya usalama iliyo ubavuni, na yasiizidi. Ukianza na maji baridi, kahawa inakaa kwenye chuma cha moto muda mrefu kabla maji hayajapanda, na inaungua. Jaza kahawa kwenye kikapu, kile kichujio kinachokaa juu ya maji, isawazishe kwa kidole, usiishindilie. Usagaji uwe kama chumvi laini ya mezani. Shika sehemu ya chini kwa kitambaa, maana ina moto, kaza vizuri, weka kwenye moto mdogo kabisa, na kifuniko kiache wazi ili uone. Kahawa itaanza kutoka polepole, nzito, rangi ya asali iliyoiva. Ikianza kuwa ya njano hafifu na kutema tema kwa sauti, epua papo hapo na upitishe kitako chake kwenye maji baridi ya bomba. Sekunde kumi za mwisho watu wengi huziachia, wakitaka tone la mwisho litoke, na ndizo zinazoleta uchungu ule wanaousingizia moka.

Sasa maziwa. Kama unanunua kwa muuza maziwa wa baiskeli, yachemshe kwanza kama kawaida, yapoe, yaingie friji. Wakati wa kahawa yapashe kwenye sufuria ndogo mpaka mvuke uanze kupanda, halafu epua. Lenga nyuzi 60 hadi 65. Yakipita 70 utamu wake unafifia na harufu ya maziwa yaliyoiva inatawala kikombe. Yamimine kwenye birika la kioo lenye mchujo wa kusukuma, lile linaloitwa frenchi presi, yasizidi theluthi moja ya birika, kisha pandisha na kushusha mchujo kwa haraka mara ishirini hivi. Gonga birika mezani kidogo mapovu makubwa yapasuke, lizungushe mpaka maziwa yang'ae kama rangi ya mafuta iliyokorogwa vizuri, na umimine bila kusubiri. Povu likikaa hujitenga na maziwa, na huwezi tena kulirudisha.

Kwenye kinu sitaki ubane matumizi. Vinu vya visu vinakatakata kahawa, havisagi: unapata vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja. Vumbi linatoa uchungu, vipande vinatoa uchachu, na vyote viwili viko kwenye kikombe kimoja. Tafuta kinu chenye meno ya chuma yanayozunguka karibu karibu, hata kama ni cha kuzungusha kwa mkono. Wengi hutumia kile kikombe kidogo cha blenda cha kusagia viungo. Kama huna kingine, kibonyeze kwa vipindi vifupi huku ukikitikisa, lakini kikombe kilichowahi kusaga bizari ya pilau kitaipa kahawa harufu ya bizari hata ukikiosha mara tatu. Hela ikiwa bado haijatosha kwa kinu, mwombe anayekaanga kahawa akusagie, ununue ya wiki moja tu. Kahawa ikishasagwa, harufu inakimbia kwa siku chache.

Na punje zenyewe? Angalia tarehe ya kukaangwa, achana na tarehe ya kuisha muda. Pakiti isiyo na tarehe ya kukaangwa mimi siinunui. Nunua robo kilo, usinunue kilo, hata kama kilo ina punguzo. Kahawa iliyochakaa kabatini imekula lile punguzo. Itunze kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pakavu na penye kivuli, hasa kwa sisi tunaoishi na unyevu wa pwani.

Kwa vinywaji vya maziwa, usilipie kahawa aina ya arabika ya bei ya juu kabisa ya Kilimanjaro au Mbinga. Ile ladha yake ya matunda na maua itazama kwenye maziwa. Mchanganyiko wenye kahawa aina ya robusta ya Kagera kiasi cha theluthi unasimama vizuri zaidi, una povu na uzito, na kwa kawaida bei yake iko chini. Kumbuka tu kwamba robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, hivyo cha usiku kiwe kidogo. Arabika nzuri inywe bila maziwa, na kwa hiyo huhitaji chombo chochote cha kununua. Chemsha maji robo lita, epua, subiri nusu dakika, tia gramu 15 za kahawa iliyosagwa kwa unene wa wastani, koroga, funika dakika nne. Vunja utando wa juu kwa kijiko, acha masimbi yatue, mimina taratibu kupitia chujio la chai. Wenzetu wa pwani wanaochemsha kahawa chungu kwenye dele, na tangawizi ndani yake na kashata pembeni, hawajawahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Msimu wa joto, kahawa baridi. Gramu 100 zilizosagwa nene kwenye mililita 800 za maji safi, kwenye friji kwa muda wa saa 12 hadi 16, kisha chuja kwa kitambaa safi. Kahawa yenyewe inafyonza kama mililita 200, unabaki na 600. Weka mililita 100 kwenye glasi, ongeza maziwa au maji kiasi hicho hicho na barafu. Kwa bei zetu za mfano kahawa ya glasi moja ni shilingi 800, na mtungi unatoa glasi sita. Umalize ndani ya siku nne au tano.

Espreso tupu, isiyo na maziwa, mimi bado nainywa mgahawani. Pale kuna mashine inayoweza na kinu kinachorekebishwa kila asubuhi, na kwa kikombe hicho natoa hela yangu kwa moyo mweupe.