Tisa Desemba haikuwa ya Tanzania

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, kadi za salamu huanza kuzunguka kwenye simu: picha ya Mwalimu akiwa kijana, mwaka 1961, na nyuma yake bendera inapepea. Itazame vizuri hiyo bendera. Ikiwa ina bluu, aliyeitengeneza kadi amekosea. Bendera iliyopanda usiku ule pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ilikuwa ya kijani, nyeusi na dhahabu tu. Bluu ilitoka Zanzibar, nayo ikaingia mwaka 1964.

Kosa hilo la rangi ndilo lile lile la maneno, "Tanzania ilipata uhuru 1961". Nchi iliyopata uhuru siku hiyo ni Tanganyika. Tanzania haikuwepo, hata jina lenyewe lilikuwa halijatungwa. Utamsikia msomi mzima akilisema hili jukwaani, na hakuna anayemrekebisha.

Wengine huamini kwamba Nyerere aliapishwa kuwa Rais usiku huo huo. Hapana. Alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi aliendelea kuwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Januari 1962, hata miezi miwili haijaisha, Nyerere akajiuzulu ili akakijenge chama chake, TANU, na kiti akakikalia Rashidi Kawawa. Uchaguzi wa kwanza wa Rais ulifanyika Novemba 1962. Nyerere akamshinda Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC. Jamhuri ikazaliwa tarehe 9 Desemba 1962. Kwa hiyo tarehe hiyo imebeba mambo mawili, uhuru na jamhuri, na hilo la pili tumelisahau kabisa.

Zanzibar nako kuna mkanganyiko wake. Wapo wanaodhani Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwaondoa Waingereza. Waingereza walikuwa wameshakabidhi madaraka tarehe 10 Desemba 1963, siku 33 kabla. Kilichopinduliwa ni serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte, pamoja na kiti cha Sultani Jamshid bin Abdullah. Sikukuu ni ya Mapinduzi. Ile tarehe 10 Desemba haimo kwenye orodha ya sikukuu zetu, na ubishi wake bado haujapoa visiwani.

Je, hati za Muungano zilisainiwa 26 Aprili? Nyerere na Rais wa Zanzibar, Abeid Karume, walizisaini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964. Bunge la Tanganyika likaridhia tarehe 25, na Muungano ukaanza rasmi tarehe 26. Hata hapo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina la kumaliza pumzi. "Tanzania" tuliipata Oktoba mwaka huo huo.

Sabasaba ndiyo inayonichekesha zaidi. Muulize kijana wa Temeke, atakwambia ni maonesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa: mabanda, foleni, watoto na aiskrimu. Maonesho yameikuta siku ina mwenyewe. Tarehe 7 Julai 1954, chama cha TAA kiligeuzwa kuwa TANU hapo hapo Dar es Salaam, na siku ikaitwa Saba Saba kwa kuwa ni ya saba ya mwezi wa saba. TANU ilipoungana na ASP, chama cha Zanzibar, tarehe 5 Februari 1977 ikazaliwa CCM, chama kipya nacho kikawa na siku yake ya kuzaliwa. Sabasaba ikabaki na wafanyabiashara.

Mwisho kuna hii ya "happy birthday Mwalimu" inayoandikwa kila tarehe 14 Oktoba. Jamani! Hiyo ndiyo siku aliyofariki, mwaka 1999, hospitalini London. Tarehe 7 Aprili nayo, Siku ya Karume, si ya kuzaliwa: ni siku alipopigwa risasi na kuuawa Kisiwandui, mwaka 1972. Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Ukitaka kumtakia heri ya kuzaliwa, subiri siku sita baada ya sikukuu ya Karume. Ofisi zitakuwa wazi kama kawaida.