Je, wajua kwa nini duke, lodi wa cheo cha juu kabisa katika ukabaila wa Uingereza, alihukumiwa na malodi wenzake?

Katika Kind Hearts and Coronets, kichekesho cha Uingereza cha mwaka 1949, Louis Mazzini yumo gerezani akisubiri kunyongwa asubuhi. Ameua ndugu sita ili arithi cheo cha duke (ukoo wote anauigiza Alec Guinness), halafu anatiwa hatiani kwa kifo cha mtu aliyejiua mwenyewe! Waliomhukumu ni Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza.

Wengi huona hapo wakubwa wakilindana. Sivyo. Lodi aliyeshtakiwa kwa uhaini au jinai kubwa hakuwa na hiari ya kuchagua mahakama nyingine, na kitanzi kilikuwa kilekile. Earl Ferrers (earl ni cheo kilicho chini ya duke), aliyempiga risasi msimamizi wa mali zake, alihukumiwa na wenzake mwaka 1760 akanyongwa hadharani Tyburn, uwanja wa kunyongea wa London. Mwaka 1901 Earl Russell alikiri kuoa mke wa pili kabla ya kuachana kisheria na wa kwanza. Akala miezi mitatu jela. Upendeleo ulikuwepo zamani, tuseme kweli: Elizabeth Chudleigh, aliyepatikana na waume wawili mwaka 1776, alidai haki ya cheo chake akaepuka adhabu ya kuchomwa chapa ya moto mkononi. Mlango huo ulifungwa 1841.

Msingi ulikuwa kanuni ya kale kwamba mtu ahukumiwe na walio sawa naye. Ustadi ulikuwa kwenye kura. Alianza baron (cheo cha chini kabisa cha malodi) aliye wa mwisho kwa ngazi: anasimama, mkono kifuani, anaapa kwa heshima yake kama mshtakiwa ana hatia au hana, kisha zamu inapanda ngazi ya vyeo. Fikiria kikao cha ukoo. Babu akitangulia kutoa uamuzi, wajukuu watakohoa tu na kusema babu ameshanena. Akianza kitinda mimba, hana wa kumfuata. Inambidi aseme lake, na babu anabaki akisikiliza.

Mnyongaji wa filamu anajivunia kutumia kamba ya hariri. Hata Ferrers husemwa alinyongwa kwa hariri, ila hiyo ni simulizi zaidi kuliko historia.

Kesi ya mwisho ilikuwa ya Lord de Clifford, 1935, kwa kuua bila kukusudia katika ajali ya gari. Aliachiwa. Sheria ya 1948 ikafuta utaratibu wote, hivyo filamu ilipotoka, duke muuaji angepelekwa mahakama ileile ya kina yahe.