Taharuki ni nini? Itazame ndani ya Psycho

Taharuki ni hali ya moyo kuning'inia. Msomaji au mtazamaji anajua kuna jambo linakuja, analijali, na jambo lenyewe bado halijafika. Waliosoma fasihi shuleni wamekutana nayo katika mbinu za mwandishi, na mara nyingi maelezo huishia kwamba ni kumfanya msomaji atamani kujua kitakachofuata. Sawa, lakini hapo kiini kimeachwa nje. Kuficha mambo peke yake huleta udadisi. Taharuki kali huja pale sisi tunapojua jambo ambalo mhusika halijui, na hatuna namna ya kumwambia.

Aliyelieleza hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa London aliyefanya kazi zake kubwa Marekani. Alikuwa akitoa mfano wa bomu. Watu wamekaa mezani wakiongea mambo ya kawaida, mara bomu linalipuka chini ya meza. Huo ni mshtuko: watazamaji wanaruka kwa sekunde 15, basi. Sasa rudia mazungumzo yale yale, ila safari hii mtazamaji ameonyeshwa bomu likitegwa, na saa iliyopo chumbani inaonyesha kwamba limebakiza robo saa kulipuka. Maongezi yaliyokuwa yakichosha yanageuka mateso. Mtazamaji anataka kupiga kelele, acheni porojo, tokeni humo! Dakika 15 za taharuki zimepatikana kwa kumpa habari moja tu.

Mwaka 1960 Hitchcock alitoa Psycho, filamu ya kutisha ya nyeusi na nyeupe kuhusu mauaji katika moteli iliyosahaulika baada ya barabara kuu kuhamishwa. Ilitokana na riwaya ya Robert Bloch, aliyekuwa akiishi Wisconsin, jimbo lililotikiswa mwaka 1957 kwa kukamatwa kwa muuaji Ed Gein. Kwa mwongozaji wa hadhi yake, fedha zilikuwa kiduchu: dola 800,000 hivi, wakati filamu yake iliyotangulia ilikuwa imemeza zaidi ya dola milioni 3. Kampuni ya filamu ya Paramount haikuipenda hadithi, kwa hiyo akaigharimia mwenyewe, akasamehe malipo yake ya kawaida ili apate sehemu kubwa ya umiliki, na akawatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, watu waliozoea kupiga picha haraka. Naitaja bajeti kwa sababu wengi hudhani hofu kwenye sinema hununuliwa. Kumpa mtazamaji habari kwa wakati wake ni kazi ya akili, na haina gharama.

Tazama inavyoanza. Marion Crane, karani wa Phoenix, Arizona, amekabidhiwa dola 40,000 apeleke benki, naye anatoroka nazo. Usiku analala garini kando ya barabara, na asubuhi polisi mwenye miwani myeusi anagonga dirisha. Maswali yake ni ya kawaida kabisa. Polisi hajui lolote kuhusu wizi, lakini sisi tunajua, na ndiyo maana kila neno lake linatukaba. Bomu la chini ya meza limekuwa bahasha ya pesa.

Kisha Marion anapanga chumba katika moteli ile, na linakuja onyesho la bafuni, ambalo watu wengi hulitaja kama kilele cha taharuki katika sinema. Nalipenda mno, lakini sehemu yake kubwa ni mshtuko. Janet Leigh, aliyeigiza Marion, ndiye nyota ambaye watu walikuwa wamelipa kumwona, na anauawa kabla filamu haijafika nusu. Hakuna aliyetarajia. Taharuki imo, ila ni ya sekunde chache kabla ya kisu: Marion anaoga, amegeuka, na nyuma ya pazia la plastiki tunaona kivuli kikisogea. Hakuna muziki, ni maji tu. Pazia linavutwa, na hapo ndipo ala za nyuzi za Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu hii, zinapopiga mayowe. Hitchcock mwanzoni alitaka onyesho hilo lisiwe na muziki kabisa. Aliposikia alichoandika Herrmann akabadili mawazo. Upigaji picha ulichukua siku 7 mwezi Desemba 1959, kwa onyesho la dakika tatu hivi. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo katika nyeusi na nyeupe ilionekana vizuri, na mlio wa kisu ulirekodiwa kwa kuchoma tikiti. Kisu na mwili vinaonyeshwa zaidi kwa zamu, kipande kimoja baada ya kingine, na akili ya mtazamaji ndiyo inayoviunganisha.

Lakini ukitaka kuijua taharuki yenyewe, subiri kidogo. Norman Bates, kijana mpole anayeendesha moteli, anaikuta maiti na kuanza kufuta ushahidi, tukiamini kwamba mama yake ndiye aliyeua naye anamlinda. Anapiga deki taratibu, pasipo maneno. Anamweka Marion kwenye buti la gari la Marion mwenyewe, anatupia humo na gazeti lililokunjwa, bila kujua kwamba ndani yake zimo zile dola. Gari analisukumia kinamasini. Linazama, linazama, kisha linakwama. Norman anaangalia huku na huku. Na sisi tulioketi mbele ya kioo, ambao muda mfupi tu uliopita tulikuwa upande wa Marion, tunajikuta tunaomba gari lizame. Likiendelea kushuka tunashusha pumzi.

Kwangu hilo ndilo jambo zito zaidi katika filamu hii. Tumekaa na Norman muda wa kutosha, tumejua anachokiogopa, na kujua huko kumetuhamisha upande bila ridhaa yetu. Taharuki haiulizi nani ana haki. Humfuata yule ambaye hofu yake tumeielewa, hata kama anaficha mauaji. Mwandishi wa hadithi anayelifahamu hilo ana nguvu kubwa mkononi, na anapaswa kuitumia kwa uangalifu.

Hapo mauaji ya bafuni nayo yanaanza kulipa deni lake. Kama nyota mwenyewe amekufa, basi hakuna aliye salama. Ndiyo maana Hitchcock alisisitiza kwamba kumbi za sinema zisimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza. Aliyechelewa angekaa akimngoja Janet Leigh asiyerudi. Mpelelezi Arbogast anapoingia kwenye nyumba ya akina Norman iliyo kilimani na kuanza kupanda ngazi, kofia mkononi, hana wasiwasi wowote. Anatafuta zile pesa zilizoibwa, na anataka kumhoji bibi mmoja, mama yake Norman. Sisi tunaangalia mlango wa juu, tumeuona ukianza kufunguka, na kila ngazi anayokanyaga ni ya kwetu kuliko yake.