Klachi Inayoteleza Haiponi kwa Pleti Mpya Pekee

Mwenye pikapu ambayo injini yake hunguruma mlimani bila gari kuongeza mwendo huambiwa mara nyingi, katika gereji za Nakuru na hata Kisumu, kwamba klachi, yaani kiungo kati ya injini na giaboksi, inateleza, na dawa ni kununua klachi pleti mpya na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Pleti hubanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) na presha pleti (bamba la chuma linaloikandamiza), na nguvu ya springi ya presha pleti ndiyo inayoizuia kuteleza. Pikapu iliyozoea kubeba viazi vya Molo kwenye barabara za milima, huku dereva akiegemeza mguu kwenye pedali ya klachi, huenda imeunguza nyuso za flaiwili na presha pleti na kuilegeza springi yenyewe. Pleti mpya ikifungwa juu ya chuma chenye madoa ya buluu, nyufa au mifereji, haikai sawasawa, gari hutetemeka linapoondoka, na kuteleza hurudi mapema.

Isitoshe, kazi kubwa ni kushusha giaboksi, kwa hiyo kukwepa bei ya beringi ya klachi (inayosukuma springi pedali inapokanyagwa) leo ili giaboksi ishushwe tena kesho ni ubahili wa ajabu. Sili ya nyuma ya injini ikaguliwe papo hapo, kwa sababu oili ikivujia pleti, hata iliyo mpya itateleza. Na kabla ya kufungua chochote, mwanya wa pedali, yaani umbali inaoshuka kabla ya kuanza kuachia klachi, upimwe: kwenye pikapu zinazotumia kebo, kebo iliyokazwa kupita kiasi huifanya iteleze hata klachi ambayo pleti yake bado ni nene.